Nyumba ya Mfanyakazi Huanza na Kiwanja

Kila kiongozi apendaye kukumbukwa hupenda kuacha jengo nyuma yake. Jengo laonekana, lapigwa picha, lakatiwa utepe, na jina la aliyelifungua lachongwa katika jiwe la ukutani. Kiwanja kilichopimwa hakina picha ya kupendeza, wala mfereji wa maji ya mvua haufunguliwi kwa ngoma. Kwa maoni yetu hapo ndipo ilipojificha taabu kubwa ya makazi katika miji yetu, na hasa katika mji wa Dar es Salaam. Kwa zaidi ya miaka sitini tumewasifu viongozi kwa kazi ionekanayo, na ile kazi iliyowafaa watu wengi zaidi ikaachwa njiani kwa kuwa haina utepe.

Na tuanze na hesabu, kwa maana asiyehesabu watu hawezi kuwapangia mahali pa kulala. Mwaka 1957 mji wa Dar es Salaam ulikutwa na watu 128,742. Mwaka 1967 walikuwa 272,821. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika mkoa huu watu 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Yaani katika miaka kumi waliongezeka watu zaidi ya milioni moja, karibu laki moja kila mwaka. Tukisema kila kaya ina watu wanne, basi kaya mpya 25,000 zatafuta paa la kulalia kila mwaka unaopita. Kila mpango wa nyumba utakaosomwa mbele yetu yafaa tuupime kwa kipimo hicho.

Watu hawa wote wako wapi? Inakadiriwa kwamba watu saba hivi katika kila kumi wa mji huu wakaa katika mitaa ambayo haikupimwa. Hao si wahuni wala wavamizi, kama wengine wapendavyo kuwaita. Ndio wapakuao shehena bandarini, wapikao mahotelini, wafagiao barabara, waendeshao magari, wauguzao wagonjwa na kufundisha watoto. Mji wawahitaji mchana kutwa. Walakini jioni ikiingia, hauna neno la kuwaambia ila kwamba mahali wanapolala si halali.

Desturi hii ina mizizi yake. Wajerumani waliugawa mji kwa amri za ujenzi, na Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo: Uzunguni penye upepo wa bahari na bustani, Uhindini penye maduka na nyumba za mawe, na Uswahilini nyuma ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia mjini, mtu aliyekuja kwa kibarua na ambaye angerudi kwao kazi ikiisha. Mpita njia hajengewi. Uhuru ulipokuja, mmojawapo wa wajibu wake wa kwanza ulikuwa kuifuta fikira hiyo, na kukiri kwamba mtu aufanyiaye mji kazi ni mwenyeji wa mji huo.

Tangu hapo viongozi wetu wamejaribu njia tatu. Tuzitazame moja baada ya nyingine, bila ya kumpendelea mtu na bila ya kumwonea.

Njia ya kwanza ilikuwa kubomoa na kujenga. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1962, na moja ya kazi zake ilikuwa kuviondoa vibanda vya udongo na makuti na kuweka nyumba za matofali na bati mahali pake. Nia ilikuwa njema, na wako wazee wanaoishi katika nyumba hizo hata leo. Lakini hesabu haikuwa njema. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita na ukumbi katikati, na mara nyingi kila chumba kina jamaa yake. Ukiibomoa, watu wengi wako nje. Ukijenga nyingine palepale, umerudi ulipokuwa. Sehemu kubwa ya nyumba zilizojengwa katika miaka ile zilichukua nafasi ya zile zilizovunjwa, na huku wageni wazidi kuingia mjini. Fedha nyingi zilitumika, jasho jingi likamwagika, na upungufu ukabaki palepale. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1970 Serikali iliacha siasa hiyo, na ilifanya vyema kuiacha.

Njia ya pili ilianza na uamuzi wa mwaka 1972, nayo ndiyo tunayotaka ndugu msomaji aiangalie sana. Serikali ilisema hivi: mwananchi ana akili na mikono ya kujijengea nyumba, asichoweza kujifanyia peke yake ni barabara, bomba la maji, mfereji na mpaka wa kiwanja. Basi Serikali itengeneze hayo, na nyumba aijenge mwenyewe kidogo kidogo, chumba kwa chumba, kadiri ya mfuko wake. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia iliyoanza mwaka 1974 na kufuatiwa na mwingine baadaye, viwanja vipya vilipimwa katika Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Na mitaa iliyokwisha kujaa watu, kama Manzese, Mtoni na Tandika, ikaletewa barabara na maji bila ya kuvunjwa. Benki ya Nyumba ikaundwa ili kumkopesha mjenzi.

Leo ni karibu nusu karne, na yeyote atakaye ushahidi apande daladala akaone. Sinza imekuwa mtaa wenye njia zilizonyooka, gari la zimamoto laweza kupita, na nyumba zake zimepandishwa orofa mwaka hata mwaka kwa fedha za wenyewe. Palipopimwa kabla ya watu kufika, kila shilingi iliyowekwa na mwananchi ilikaa mahali pake. Palipopimwa baada ya watu kujaa, kama Manzese, faida ilikuwapo lakini ilikuwa ndogo, kwa maana njia ikishafungwa kwa ukuta wa jirani, kuifungua ni kumtia jirani hasara. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba usipochora njia utabomoa nyumba.

Kama njia hii ilikuwa njema, kwa nini haikuendelea? Sababu ni tatu. Mikopo iliisha, na viwanja vilikuwa vimetolewa kwa bei ambayo haikurudisha fedha za kupima vingine. Mabaraza ya miji yalikuwa yamevunjwa katika miaka hiyohiyo ya 1970, yakarudishwa mwaka 1978, na mji usio na baraza ni kama shamba lisilo na mwenyewe. Benki ya Nyumba nayo ilidhoofika hata ikafungwa mwaka 1995. Ulipoanzishwa mradi wa viwanja 20,000 mwaka 2002, fikira ile njema ilifufuka. Lakini safari hii vilitolewa kwa kurudisha gharama, na wengi wa wale waliokuwa na uwezo wa kulipa hawakuwa makabwela.

Njia ya tatu ndiyo ya siku hizi: kujenga nyumba za kuuza na kuziita za bei nafuu. Hatulipingi neno hilo. Twauliza tu, nafuu kwa nani? Tuchukue mfano wa hesabu ambayo kila mfanyakazi aweza kuifanya juu ya meza ya chai. Tuseme nyumba ni shilingi milioni 60, na benki yakopesha kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni shilingi 750,000, kabla mkopaji hajapunguza hata senti moja ya deni lenyewe. Sasa kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na nyongeza hiyo ilipokewa kwa shangwe iliyostahili. Walakini mtumishi huyo, hata asile, asivae, wala asisomeshe mtoto, hawezi kulipa riba hiyo. Na hapo hatujamtaja mchuuzi wala kibarua, ambaye benki haimfungulii hata mlango.

Matokeo yake ni kwamba walio wengi ni wapangaji, nao ndio wasiosikika katika hotuba za nyumba. Mpangaji wa chumba hutakiwa alete kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pengine ya mwaka mzima, na juu yake amlipe dalali kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kumwonyesha mlango. Mshahara hulipwa kwa mwezi. Kwa nini paa lidaiwe kwa nusu mwaka? Ilikuwapo sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa mwaka 2005. Yawezekana ilikuwa na kasoro zake, na wenye nyumba walikuwa na malalamiko yao ya haki. Lakini tangu ilipoondoka, mpangaji amebaki na mkataba wa mdomo na huruma ya mwenye nyumba.

Lipo tena jambo la umbali, ambalo mtu mwenye gari hulisahau upesi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu katika bonde la Msimbazi, na Serikali ikawapa waliookoka viwanja huko Mabwepande, mwendo wa kilomita zipatazo thelathini kutoka katikati ya mji. Kumtoa mtu katika hatari ya maji ni jambo la lazima, wala hatuna shaka juu yake. Lakini mama auzaye samaki au maandazi karibu na Kariakoo, akipelekwa huko bila ya njia nyepesi ya kurudi sokoni alfajiri, ameokolewa na maji akaachiwa njaa. Haikuwa ajabu kwamba wako waliorudi bondeni. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kiwanja cha mbali hakimlishi mwenye nacho.

Wako watakaotuuliza: Je, Magomeni Kota si ushahidi kwamba Serikali yaweza kujenga kwa ajili ya wanyonge? Ni ushahidi, nasi twaufurahia. Kaya 644 ziliondolewa katika nyumba zao za zamani mwanzoni mwa miaka ya 2010, zikangoja kwa miaka mingi, na hatimaye Machi 2022 majengo mapya yakafunguliwa ili warudi. Ahadi ilitimizwa, na waliorudi walirudi palepale, karibu na kazi zao, katikati ya mji. Hilo ni jambo la haki, na lafaa liwe kanuni. Lakini tukumbuke kile kipimo chetu. Kaya 644 zilirudi kwao baada ya takriban miaka kumi. Na katika muda huohuo mji uliongeza kaya robo milioni.

Basi je, ni ndoto kwamba dola iweze kumjengea kila mfanyakazi? Duniani iko miji miwili ambayo viongozi wake walilifanya jambo hilo kwa kiasi kikubwa, na yafaa tujue walilifanya kwa vipi, tusije tukaiga paa tukaacha msingi.

Katika mji wa Vienna, huko Austria, chama cha wafanyakazi kilishika baraza la mji mwaka 1919, baada ya vita kuu. Mwaka 1923 baraza liliweka kodi maalumu ya ujenzi wa nyumba, na kodi hiyo ilipangwa kwa ngazi: mwenye jumba la fahari alilipa mara nyingi zaidi ya mwenye vyumba viwili. Baraza likanunua ardhi kwa wingi, na kufikia mwaka 1934 lilikuwa limejenga makazi zaidi ya 60,000. Jengo lao lijulikanalo sana, Karl-Marx-Hof, lilifunguliwa mwaka 1930. Lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, na ndani yake mlikuwa na mabafu, madobi, maktaba na shule za watoto wadogo. Mwezi Februari 1934 majeshi ya serikali ya nchi yalilipiga kwa mizinga. Chama kile kilivunjwa, lakini nyumba zilibaki, na hata leo ni mali ya mji na zapangishwa.

Singapore nayo iliunda bodi yake ya nyumba Februari 1960. Moto wa Mei 1961 katika mtaa wa Bukit Ho Swee uliwaacha watu wapatao 16,000 bila ya makao, na bodi ikafanya haraka kuwajengea. Katika miaka mitano ya kwanza zilikamilika nyumba zaidi ya 50,000. Lakini nguvu yao kubwa ilikuwa sheria ya mwaka 1966, iliyoiwezesha Serikali kuichukua ardhi kwa ajili ya umma kwa fidia isiyompa mlanguzi faida ya jasho la wenziwe. Na tangu mwaka 1968 mfanyakazi aliruhusiwa kulipia nyumba kwa akiba yake ya uzeeni. Leo karibu watu wanane katika kila kumi nchini humo wakaa katika nyumba za bodi hiyo.

Sisi si Vienna wala si Singapore. Hatuna mapato yao, na nchi yetu ni pana mara nyingi kuliko kisiwa. Lakini angalia, ndugu msomaji: wote wawili walianza na ardhi na fedha, ndipo wakaja kwenye matofali. Jirani zetu wa Kenya wameanza na fedha. Sheria yao ya Machi 2024, iliyofuata ile ya mwaka 2023 ambayo mahakama iliikataa, yamkata mfanyakazi asilimia moja na nusu ya mshahara wake, na mwajiri naye hutoa kadiri hiyohiyo. Swali wanalouliza wafanyakazi wa Kenya ndilo tungeliuliza sisi: aliyekatwa ndiye atakayepewa ufunguo? Kodi ya wengi ikijenga nyumba za wachache, huo si ujenzi wa taifa.

Kuhusu ardhi, sisi tulitangulia. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa daima ulifutwa, na kila ardhi ikawa amana ya taifa zima. Laiti tungeliitumia silaha hiyo ipasavyo mijini! Tumeiacha ardhi ya pembezoni iuzwe shamba kwa shamba kwa karatasi ya mashahidi wawili, na baadaye Serikali yenyewe hujikuta haina mahali pa kupitisha barabara ila kwa kuvunja.

Hapa twafika penye jambo zito zaidi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Wengine waliliona sharti hilo kuwa kali mno. Lakini maana yake ilikuwa nyepesi: atungaye sheria ya kodi asiwe yeye mwenye kuipokea. Mwaka 1971 likafuata tendo kubwa, Serikali ilipochukua majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Tusifiche kwamba kodi za chini na ukosefu wa matengenezo viliyachakaza mengi ya majumba hayo, na ofisi ya Msajili ikaunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Mwaka 1991 masharti ya uongozi yalilegezwa huko Zanzibar, na tangu hapo kiongozi aweza kupangisha kama mtu mwingine.

Hatusemi saa irudishwe nyuma. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye nyumba kumi huona ugumu kuharakisha sheria ya kumlinda mpangaji. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 humtaka kiongozi atangaze mali yake. Twataka roho ya sheria hiyo ifike hadi penye kiwanja: kila mradi wa viwanja, majina ya waliopewa yabandikwe katika ofisi ya kata, ili fundi, mwalimu na mama lishe wajisomee wenyewe ni nani aliyepata na ni nani aliyepata mara tatu.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa miji yetu mambo matatu, na hata moja kati yake halihitaji ghorofa. La kwanza, kipimo kitangulie mtu. Mbagala, Chanika na Mabwepande zisiachwe zijae kwanza. Njia na maji vichorwe mapema, viwanja viwe vidogo, na malipo yaenee kwa miaka kadiri ya mshahara. La pili, sehemu ya ardhi ya umma iliyo karibu na kazi na njia za mabasi ya mwendokasi itengwe kwa ajili ya wapangaji, wala isiuzwe yote kwa mwenye fedha nyingi zaidi. La tatu, mpangaji apate sheria: kodi ya mwezi kwa mwezi, mkataba wa maandishi, na baraza la karibu la kumsikiliza yeye na mwenye nyumba kwa haki.

Nanyi, ndugu wanachama na wafanyakazi, msingoje hisani. Katika mikutano ya tawi na ya mtaa mwulizeni kila atakaye kura yenu, badala ya idadi ya majumba aliyoyafungua, awaambie ni viwanja vingapi vilipimwa kabla watu hawajafika, na vilipewa nani. Mwaka huu nao kaya 25,000 zatafuta mahali. Zisipoonyeshwa kiwanja zitajichagulia wenyewe, bondeni au barabarani, na watoto wetu ndio watakaotumwa kuzivunja.